Msituuzie Mbingu kwa Lumbesa

Mswada wangu umerudi. Kurasa 214, nimeziandika kwa mkono usiku, nikalipa steshenari wanichapie, nikalipa tena gharama ya kutuma bahasha. Zimerudi na kikaratasi cha sentensi tatu. Ya kwanza inanishukuru. Ya pili inasifu Kiswahili changu. Ya tatu inasema mambo ya kwasari na umbali wa ulimwengu "si mazingira yetu", na kwamba kijana wa Dodoma aandike yanayowahusu vijana wa Dodoma.

Aliyeandika simtaji. Hayuko peke yake. Maneno hayo hayo nimeambiwa kijiweni Chang'ombe, nimeambiwa na niliosoma nao, na mnisamehe wahariri, nimeambiwa hata kwenye vikao vyetu sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Sasa nawajibu wote kwa mkupuo mmoja. Atakayekasirika akasirike, kalamu anayo.

Kwanza tuelewane tunagombania kitu gani, maana wengi wanaolikataa neno hili hawajawahi kuuliza maana yake. Kwasari ni kiini cha galaksi, yaani cha mji wa nyota, ambacho ndani yake mna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua kama hili letu. Gesi inayovutwa kuelekea shimoni huzunguka kwa kasi, hujisugua, hupata moto, na kabla ya kumezwa hung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo kwa pamoja. Lakini kwa kuwa iko mbali mno, ukiitazama kwa darubini unaona kitone tu, utadhani nyota ya kawaida. Ndivyo walivyodhani hata wataalamu. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, alichambua nuru ya kitone kimoja kinachoitwa 3C 273, akakuta alama za hidrojeni zimesogea upande wa wekundu kwa karibu asilimia 16. Ulimwengu unapotanuka, nuru iliyoko safarini nayo hunyooka, na kadiri ilivyonyooka zaidi ndivyo ilivyotoka mbali zaidi. Kumbe kitone kile hakikuwa jirani. Nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni mbili kutufikia.

Hapo ndipo mtu ananiambia si mazingira yetu. Bwana we! Hiyo 3C 273 iko katika kundi la nyota ambalo kwa Kiswahili linaitwa Mashuke, na mkulima wa uwele na mtama wa Ugogo hahitaji kufafanuliwa shuke ni nini. Kama hilo halitoshi, toka nje utazame majabali ya Mlimwa. Miamba ya uwanda huu wa kati ni miongoni mwa mikongwe ya Afrika, ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Nuru ile ilipoanza safari, mwamba huu ulishakuwepo. Tunaanika nguo juu ya jiwe lenye umri kuliko nuru ya kwasari, halafu tunaambiwa miaka bilioni ni mambo ya wageni.

Pili, kuna jambo ambalo hakuna mtu aliyenifundisha, nimelikuta mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na tatu. Desemba 12, 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa hilo, San Marco, lilikuwa la Wataliano, kazi ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, aina ya Scout. Walipachagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata kasi. Kichwani ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota na galaksi. Eksirei hizo hazipenyi hewa yetu, kwa hiyo lazima uzifuate huko huko juu. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa setilaiti ile jina la Kiswahili kwa heshima ya sikukuu ya wenyeji: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na kile kitone cha Mashuke, 3C 273, kimo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Vitabu vya fani hiyo dunia nzima vimeandika neno letu.

Msinielewe vibaya. Sipigi kifua. Kuna wenzangu ukiwatajia habari hii wanaruka juu, "Umeona? Waafrika ndio tulioanza!" Tulianza nini? Jina letu, jukwaa lao, roketi yao, hesabu zao. Anayejisifia jina tu ni kama mtoto aliyepewa jina la tajiri akadhani amerithi na shamba. Mimi nauliza swali jingine, nalo linatuhusu sisi wenye kalamu. Roketi ya mwisho iliondoka pale mwaka 1988. Kwa miaka zaidi ya ishirini moto ulikuwa ukipanda kutoka Bahari ya Hindi mbele ya macho ya wavuvi wanaosema Kiswahili. Mimi nasoma kila riwaya ninayoiazima, na bado sijamkuta hata mvuvi mmoja ndani ya ngalawa akiinua kichwa kuutazama moto ule. Ipo? Nileteeni, nitaomba radhi kwenye ukurasa huu huu.

Tatu, na hili ndilo lililozaa riwaya yangu. Baada ya kidato cha nne nilikuwa utingo kwenye Fuso la mahindi. Usiku mmoja tunatoka Kondoa, giza totoro, taa moja ikatokea mbele. Dereva akanyanyua mguu kwenye mafuta. "We dogo, ile ni bodaboda iko karibu, au ni Scania la jicho moja liko mbali?" Sikuweza kumjibu. Taa dhaifu ya karibu na taa kali ya mbali zikifika machoni ni zile zile. Ukiijua nguvu halisi ya taa, umbali utaupata kwa hesabu. Usipoijua unabahatisha, na barabarani kubahatisha kunazika watu. Ilikuwa Scania. Ilitupita baadaye kabisa, dereva akacheka, mimi sikucheka. Swali lake lilinikaa kichwani.

Wanaopima ulimwengu wana shida ile ile ya dereva wangu. Kwa muda mrefu tegemeo lao limekuwa supanova za aina moja, nyota zinazolipuka kwa nguvu zinazokaribiana. Ukizijua nguvu hizo, umbali unapatikana. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu yalizitumia yakagundua kwamba ulimwengu unatanuka na kasi yenyewe inaongezeka. Kinachousukuma hakijulikani, wamekipa jina tu, nishati ya giza. Maelezo yanayokubaliwa na wengi yanasema nishati hiyo haibadiliki, ni ile ile jana, leo na kesho. Ila supanova hizo zina mwisho. Ukienda mbali sana huzioni tena. Kwasari zinaonekana mbali zaidi. Zipo ambazo nuru yake ilitoka ulimwengu ukiwa haujafikisha hata miaka bilioni moja, na leo umri wake ni karibu bilioni 13.8. Tatizo, kwasari hazilingani. Kuna bodaboda na kuna Scania.

Hapo wakaingia Wataliano wengine wawili, Guido Risaliti wa Chuo Kikuu cha Florence na Elisabeta Lusso. Kwasari ina mianga miwili. Ile sahani ya gesi inayozunguka shimo hutoa urujuanimno, nuru iliyo ng'ambo ya zambarau ambayo jicho haliioni. Juu ya sahani kuna wingu la moto mkali zaidi, nalo hutoa eksirei, zile zile alizozifuata Uhuru. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilishajulikana kwamba mianga hii miwili haikui sawasawa. Urujuanimno ukiongezeka mara kumi, eksirei huongezeka mara nne tu hivi.

Sasa fikiria jenereta, kwa mfano tu. Kubwa inawasha taa mara kumi ya ndogo, lakini muungurumo wake si mara kumi, tuseme ni mara nne. Ukisimama mbali, taa zinafifia na muungurumo unafifia. Lakini ukilinganisha kimoja na kingine, utajua kama kule ni jenereta ya kinyozi au ya ukumbi wa harusi. Ukishajua ukubwa wake, umbali unajileta wenyewe. Basi. Hiyo ndiyo siri yote. Nimemweleza mama yangu, muuza nyanya wa Majengo, kwa dakika tano, akauliza, "Na kama jenereta za zamani hazikuwa zikinguruma kama hizi za sasa?"

Lishikeni swali hilo la mama, tutalirudia.

Mwaka 2015 wawili hao walitoa jaribio la kwanza la kupanga kwasari kwa umbali namna hiyo. Januari 2019 wakaja na kwasari takriban 1,600. Zile za karibu zilikubaliana na supanova vizuri kabisa. Zile za mbali zikaacha njia. Zilikuwa mahali ambapo maelezo ya nishati isiyobadilika hayakuzitarajia. Wakaandika kwamba huenda nishati ya giza inaongezeka kadiri muda unavyokwenda, na kwamba uwezekano wa tofauti ile kuwa bahati tupu ni mdogo sana. Mwaka 2020 wakaongeza hesabu ikafika kwasari zaidi ya 2,400.

Dunia ikakubali? Thubutu! Na hapa ndipo utamu ulipo. Narayan Khadka na Bharat Ratra wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas walizichukua kwasari zile zile wakazipima upya. Wakaona ule uhusiano wa mianga miwili haukai sawa: unabadilika ukibadilisha maelezo ya ulimwengu unayoyatumia kuupimia, na unabadilika baina ya kwasari za karibu na za mbali. Maana yake, si zote zinazofaa kuwa kipimo. Kwa Kiswahili cha mnadani, wanasema hivi: ndugu zetu, hilo gunia lenu ni lumbesa.

Nani wa mkoa huu asiyejua lumbesa? Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lenye kilemba, limeshonewa wavu juu, limejaa mpaka linapumua, na bei anataka ya gunia moja. Ukihoji, anakwambia gunia ni gunia. Kwasari za kale ni gunia lile lile la kwasari za karibu, au limeshonewa kilemba? Ndilo swali la mama yangu. Mwanamke wa darasa la saba, anayepima nyanya kwa sado, aliuliza kwa dakika tano swali ambalo maprofesa wanaligombania kwenye majarida.

Na ugomvi haujaisha. Mwaka 2024 na 2025 mradi wa DESI ulioko Arizona, unaotumia galaksi na kwasari kwa njia nyingine kabisa, umetoa dalili kwamba nishati ya giza inabadilika kweli, lakini kwamba siku hizi inapungua. Huyu kasema inaongezeka, huyu anasema inapungua, na wapo wanaosema subirini, mizani bado. Hakuna aliyeshinda.

Sasa nirudi kwenu mnaosema si mazingira yetu. Mmeuziwa mbingu kwa lumbesa nanyi mnatuuzia sisi. Mmeambiwa ulimwengu umeshapimwa, umeshafungwa, umewekwa ghala la Kiingereza na ufunguo anao mwenye digrii. Si kweli. Kipimo chenyewe kinabishaniwa leo hii, na wanaobishana wanakiri mbele za watu kwamba huenda wamekosea. Jambo lililo wazi namna hiyo halina mwenyewe. Lina wanaojua zaidi, nami nawaheshimu, lakini mlango haujafungwa. Aliyeufunga kwetu ni nani kama si sisi wenyewe?

Najua hoja yenu kubwa. "Watu wana njaa, mvua haitabiriki, kisima kiko mbali, wewe unaleta kwasari!" Sitawadanganya kwamba kwasari italeta maji Bahi. Haitaleta. Lakini nani aliyewaambia mwenye njaa hatazami juu? Babu yangu hakusoma. Novemba akiiona Kilimia mashariki giza linapoingia, alikuwa anajua mvua ziko njiani na jembe lake likae tayari. Jina lenyewe la Kilimia limetoka kwenye kulima. Yule mzee alisoma nyota kwa sababu ya njaa, na sisi wajukuu tunaambiwa tusizisome kwa sababu ya njaa hiyo hiyo. Halafu ujue kwamba anayezoea kuuliza "umepimaje?" kuhusu kwasari, siku moja ataliuliza mnadani, ataliuliza kituo cha mafuta, ataliuliza kwenye mkutano wa hadhara mgombea akitoa tarakimu. Huo ndio woga wenu? Semeni basi.

Hoja ya pili ni ya lugha. "Kiswahili hakijitoshelezi." Nimesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaingia sekondari nikakuta kila kitu ni Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Kidato cha nne fizikia ina mada ya elimu ya anga. Tuliikariri kama dua ya lugha usiyoijua, majina ya sayari kwa mpangilio, basi. Hakuna aliyeuliza swali kwa sababu kuuliza ilibidi kwanza ulitafsiri swali. Nilipata F. Haya niliyoyaeleza leo nimeyasoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kamusi pembeni, sentensi moja dakika kumi, miezi minne. Siku nilipoelewa ule uhusiano wa mianga miwili nilitoka nje nikaanza kucheka peke yangu, majirani wakadhani nimevuta kitu. Halafu nikalia, maana nilijiona sikuwa mjinga. Miaka yote minne nilikuwa nimejiona mjinga.

Ni wangapi wako hivyo Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota? Wangapi wanajiona wajinga kwa sababu hakuna aliyewaambia jambo hilo kwa lugha ya mama zao? Na istilahi zipo. TUKI walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla hata sijazaliwa. Neno likikosekana tutalikopa na kulivika kanga, kama tulivyofanya kwa eksirei, jenereta na setilaiti. Ukurasa huu wote sikuishiwa maneno. Niliishiwa subira tu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu inatoka kwetu waandishi. "Riwaya ni ya mapenzi, ndoa, jiji na fedha. Sayansi ni ya vitabu vya shule." Ndugu zangu, Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, na ndani yake wajumbe wanatumwa pande za mbali kutafuta maarifa, wakirudi nayo wanatiwa gerezani. Mnamsifu kila mwaka kwenye makongamano. Mbona mjumbe wa leo akirudi na habari mnamrudishia mswada?

Riwaya yangu haina roketi. Ina binti anayepima mahindi mnadani, ana mizani na daftari, na kaka yake ni utingo. Binti anakataa kuandika lumbesa kuwa gunia moja, anafukuzwa kazi. Usiku, juu ya Fuso, kaka anamweleza habari za kwasari, naye anauliza swali aliloniuliza mama. Wanapendana na kugombana kama watu. Kama hayo si mazingira ya Dodoma, basi mimi na Fuso letu tulikuwa tunakaa nchi nyingine.

Mswada nitautuma tena, kwingine, na sitalitoa neno kwasari hata moja. Wenzangu mnaoandika nawaomba kitu kimoja kwa toleo lijalo. Kila mmoja achukue jambo moja alilolikariri darasani bila kulielewa, alifuatilie mpaka alielewe, kisha aliandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho mama yake atakielewa na kukiulizia swali. Mama akiuliza swali, leta na swali lenyewe. Na mkiona nimekosea mahali kwenye maelezo yangu ya kwasari, nisahihisheni hadharani, kwa jina langu, bila kunionea haya.

Nawasilisha.